Chuma Kikishiba

Mogogosiek, 11 Februari 2024

Kwa ndugu yangu Kipkirui,

Chamgei. Huku tuko, tunasukuma siku. Goti la shemeji yako Kipchirchir limeanza tena kumsumbua, ila halimzuii kufika sokoni kusikiliza siasa. Ng'ombe yule mwekundu amezaa dume, kwa hiyo hakuna wa kumpongeza. Mvua imegoma na majani ya chai yamesinyaa. Wachumaji wanarudi na vikapu vya kutia aibu. Nakuandikia kwa Kiswahili ili wifi yangu Mellen asome pia, asije akasema tunamteta kwa Kikipsigis ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Barua hii inaletwa na Oyaro, yule anayeshusha viazi vya Londiani sokoni kwetu. Ndiye aliyeleta habari zako. Ametangaza mbele ya wanawake wote wa soko kwamba unaunda sanduku la kutengeneza sauti, na kwamba sanduku lenyewe halina betri, halina waya wa stima, halina hata kijitaa chekundu cha kumdanganya mtu. Wanawake walicheka mpaka mmoja akaketi juu ya kabeji. Mimi pia nilicheka, ingawa wewe ni damu yangu.

Sasa nikuulize. Krismasi ulirekodi kwaya yetu kwa kompyuta, ukaniosha sauti mpaka ngozi ikatoka. Kila mahali nilipovuta pumzi ulipakata. Kila noti niliyoiinamisha kwa makusudi uliinyoosha, kama mtu anayepiga pasi shati la sare. Nilisema hivyo mbele ya kanisa lote na sitaki kusema vingine. Nilitarajia uone aibu, ujifunze kurekodi. Badala yake umeanza kufua vyuma?

Tena usinipigie simu. Kwenye simu wewe hunikata maneno kabla sijayamaliza. Andika, ili siku moja usome ulichosema.

Mwambie Mellen mbegu za managu zilizotoka kwake zimeota vizuri. Huyo angalau akipanda kitu kinaonekana.

Ni mimi dada yako,
Rodah

*

Londiani, 2 Machi 2024

Dada Rodah,

Barua yako imefika ikinuka viazi. Sisi tuko salama. Baridi ya hapa imezidi, Mellen amevaa koti langu tangu Jumatatu na hataki kulirudisha. Wazazi wake wametuletea ndizi kutoka Nyamira, tunakula ndizi asubuhi na jioni kama tumeapishwa.

Nilijaribu kukupigia hata hivyo. Simu imezimwa. Sijui umejifunzia wapi maringo ya kuandika barua, wewe uliyekuwa ukinipigia kunieleza kwamba kuku ametaga.

Kuhusu sanduku: mnacheka kwa sababu hamjui. Nitakueleza polepole, kama ninavyowaeleza wazee wa kanisa.

Ndani yake kuna transfoma mbili ndogo nilizozitoa kwenye amplifaya ya zamani ya kanisa la Chepseon, ile waliyoitupa kwenye stoo ya magunia. Transfoma ni nini? Ni chuma kilichozungushiwa waya. Sauti ikitoka kwenye maiki inakuwa umeme, na umeme huo unapita kwenye waya. Ukiupeleka kwa upole, chuma kinaupitisha vile ulivyo. Ukiusukuma kwa nguvu, chuma kinashiba. Kinashindwa kumeza zaidi. Basi vile vichwa vikali vya sauti vinajipinda, vinakuwa mviringo, na sauti inapata unene fulani, kama uji uliokaa motoni kidogo zaidi. Nyuma ya transfoma nimeweka dayodi za kioo, vijidude vya kutoka kwenye redio kuukuu, nazo zinakwaruza juu juu. Halafu kitufe cha kuzungusha, kuchagua kiasi. Basi. Halihitaji stima kwa sababu haliongezi nguvu yoyote. Linakula tu sehemu ya nguvu ya sauti, nami naiongezea upande wa pili kwa amplifaya nyingine.

Ulisema nimekuosha mpaka ngozi ikatoka. Sikulala vizuri kwa hilo neno, Rodah. Mbele ya watu! Wale wale wanaopeleka kwaya zao mjini, wakarudishwa na sauti za roboti, na wanalia machozi kwa furaha. Hao ndio walionicheka. Basi sanduku hili ndilo jibu langu. Ngozi uliyoitaka, nitairudisha.

Ila nahitaji sauti ya kulijaribia. Siwezi kulijaribia kwa mtu wa kawaida. Njoo wikendi moja, uimbe wimbo mmoja tu. Ukisema ni takataka, nitalitupa mtoni mbele yako.

Ndugu yako,
Kipkirui

*

Mogogosiek, 24 Machi 2024

Kwa Kipkirui,

Tunamshukuru Mungu, mvua imefika, na kwa kuwa imefika hakuna anayelala. Chai imefumuka yote kwa mara moja. Kipchirchir amefanywa katibu wa kamati ya barabara, barabara ambayo haipo. Anavaa tai.

Uji uliokaa motoni! Yaani katika maisha yako yote, kitu ulichojifunza kuhusu sauti ni kwamba inafanana na uji. Mwalimu wetu wa muziki shuleni angezimia.

Hebu nikuambie mimi ninavyoliona hilo sanduku. Mtu anaimba vizuri. Wewe unachukua sauti yake nzuri unaipitisha kwenye chuma cha kutu na vioo vya redio ili iharibike kidogo, halafu unawaambia watu, sikieni ilivyo na uzito. Ni kama kununua suruali mpya na kuitoboa magoti. Vijana wa mjini wanafanya hivyo pia, na mama zao wanawaombea.

Sitakuja. Nina chai, nina ng'ombe, nina mume mwenye tai. Lakini kwa sababu mwenyekiti wetu wa kwaya, Kepher, anataka turekodi upya, na kwa sababu wewe ndiwe wa bure kati ya wote wanaojiita studio, nitamtuma Valary. Ni mwalimu wa chekechea hapa, binti ya Bochaberi anayechuma chai kwenye shamba la kampuni. Ndiye anayeongoza nyimbo siku hizi. Anafika kwenye noti zote kwa wakati, kama basi la shule, na hakuna hata mmoja anayepanda. Ukiweza kumtia huyo unene kwa chuma chako, nitasema wewe ni fundi.

Usiniulize kwa nini si mimi ninayeongoza. Nimechoka, basi. Mtu haruhusiwi kuchoka?

Msalimie wifi yangu. Mwambie alinyang'anye koti lako kabisa.

Rodah

*

Londiani, 21 Aprili 2024

Rodah,

Salamu ni zile zile. Mellen ana mafua. Ng'ombe hakuna, kwa hiyo hakuna habari ya ng'ombe.

Valary alikuja Jumamosi na waimbaji wanne. Nilikuwa nimepanga kila kitu, nimepaka hata rangi ile stoo ya viazi ninayoiita studio, ambayo najua mnaiita stoo ya viazi. Nikaliunganisha sanduku. Akaimba. Na katika kila wimbo, chini ya sauti yake, kulikuwa na mvumo, mmm, mmm, kama nyuki ndani ya ukuta. Nikabadilisha waya. Mmm. Nikasolda upya. Mmm. Mmoja wa wale wa besi akauliza kama huo ndio unene wenyewe. Wenzake wakacheka mpaka nje.

Nina hakika umeshahadithiwa. Furahi.

Lakini sikuandiki kwa ajili hiyo. Nilimuuliza yule binti, "Mbona Rodah hakuja?" Akatazama viatu vyake. Nikamuuliza tena. Akasema, "Mwalimu Rodah ametuagiza tusiongee juu yake." Tusiongee juu yake! Kwa hiyo mlikaa mkanijadili, mkaamriana ninyamaziwe kama mlevi wa kijiji.

Nimeelewa. Hukuchoka. Unanidharau, na dharau yako imekua mpaka huwezi kukaa chumba kimoja na kazi yangu. Tangu tukiwa wadogo kile nilichokifanya kilikuwa cha kuchekwa kwanza, kutazamwa baadaye. Nilipokuwa fundi wa redio ulisema natengeneza kelele. Sasa narekodi, nimekuwa mfua vyuma. Nilikuomba wimbo mmoja. Mmoja. Mtu angemfanyia hata mgeni.

Basi usije. Na kama huna la maana, usiandike. Oyaro ana mizigo ya kutosha.

Kipkirui

*

Londiani, 9 Juni 2024

Dada yangu,

Naanza kabla ya salamu, utanisamehe.

Tangu Aprili hukujibu, nami nikajiambia vizuri, amesikia. Mellen ndiye aliyekosa raha. Amezisoma barua zako zote tena na tena, akaniambia, "Baba, mtu anayekudharau haandiki kurasa zote hizi." Nikamwambia hakujui. Jana Oyaro alikuja kupakia, Mellen akamfuata hadi kwenye lori. Mimi nilikuwa mlangoni, nikasikia yote.

"Oyaro, wifi yangu wa Mogogosiek anasemaje siku hizi?"

"Huyo mama?" Oyaro akasema. "Huyo siku hizi haongei. Anaonyesha gunia kwa kidole, anatingisha kichwa, analipa. Mimi nilidhani amekasirika na bei."

"Tangu lini?"

"Aaa, tangu mwanzo wa mwaka. Watu wanasema ni homa ya koo. Lakini homa gani hiyo haiishi?"

Nilienda nyuma ya nyumba nikakupigia. Safari hii simu ilikuwa wazi, na ukapokea, sijui kama ni kwa makosa. Nikasema haloo. Nikasikia ng'ombe. Nikasikia mtu anapumua karibu kabisa. Nikasema, "Rodah, ni mimi, sema kitu, nitukane." Ukakata.

Sasa nisikilize. Wewe ni mwanamke mjinga. Umekaa huko miezi na miezi na shingo yako ngumu, unanichoma kwa kalamu ili nisisikie kwamba huna sauti ya kunichomea. Uliniacha niandike yale niliyoyaandika. Ukayasoma, ukanyamaza, ukaniacha niyabebe. Kama ulitaka kunikomesha, umefaulu.

Nataka kujua una nini. Usiponiambia kwa barua ya lori linalorudi, nitakuja huko na kusimama kwenye uwanja wa kanisa nimuulize kila atakayepita.

Mellen anakusalimu. Analia, lakini anasema nisiandike hivyo.

Kipkirui

*

Mogogosiek, 16 Juni 2024

Kwa Kipkirui, mpelelezi wa viazi,

Usithubutu kusimama kwenye uwanja wowote. Kaa kwako.

Ni goita. Ilianza kama uvimbe mdogo, nikaufunika kwa skafu, watu wakasema Rodah amekuwa maridadi. Kufika Krismasi noti za juu zilikuwa zinanitoroka. Ule wimbo uliourekodi, nilizikamata kwa meno. Januari niliamka nikaita ng'ombe, kikatoka kitu kama hewa ya gurudumu. Nilienda hospitali ya Longisa, wakanipiga picha, daktari akanionyesha: uvimbe umeenda nyuma, umeushika mshipa unaofanya koo liseme. Akaniandikia niende hospitali kubwa zaidi wanakopasua. Nimepangiwa Julai. Aliniambia bila kuzunguka, kwamba wakishatoa, sauti inaweza kurudi, inaweza kurudi nusu, inaweza kukaa hapo ilipo. Nilimpenda kwa sababu hakuniita mama yangu mpendwa.

Unauliza kwa nini sikukuambia. Kwa sababu nakujua. Ungekuja na mablanketi na uso wa matanga. Na watu wa kanisa, unawajua? Kepher yule, siku ya kwanza nilipokohoa kwenye mazoezi, alikuwa tayari amempigia makofi Valary. Wangeniwekea kiti cha mbele chenye kitambaa, wangenitaja kwenye maombi kila Jumapili kati ya wajane na ng'ombe waliopotea. Huruma yao nimeionja walipoimwaga kwa wengine. Sitaki. Mtu akinichukia naweza kumjibu, lakini anayenihurumia nimjibu nini, tena bila sauti?

Nikajiambia, nina ndugu mmoja ambaye bado anaweza kugombana na mimi kama mzima. Nisimpoteze huyo. Ndiyo maana barua. Kwenye karatasi nilikuwa Rodah.

Yale uliyoandika Aprili nimeyasoma. Nilistahili nusu. Ile nusu nyingine nitakudai nikipona.

Na ucheke basi, kwa sababu mimi nimeshacheka: wewe tangu mwaka uanze unahangaika kutafuta chuma cha kukwaruza sauti safi. Yangu imekwaruzwa bila fundi, bila transfoma, bila hata kuomba.

Kipchirchir alikuwa anajua. Nilimtisha. Usimgombeze, ndiye anayechemsha chai.

Rodah

*

Londiani, 4 Agosti 2024

Dada Rodah,

Natumaini kidonda kinakauka na unakula ile supu ya Mellen na hukumpa paka. Sisi tulifika salama. Mvua ya mawe imepiga shamba la jirani ikaruka letu, Mellen anasema ni maombi, mimi nasema ni upepo.

Sijui kama unakumbuka ulivyokuwa siku ile wodini, kwa zile dawa. Ulikuwa na bendeji shingoni na daktari amekukataza kutoa hata mnong'ono. Kipchirchir alikuwa amekaa upande mmoja na tai yake. Nilipoingia nilikuwa nimejiandaa nisiweke ule uso wa matanga uliounena, nikajikaza mpaka nadhani nilifanana na askari wa trafiki. Ukanitazama, ukafunga macho kama mtu aliyechoshwa, halafu ukauvuta mkono wangu ukaandika kwenye kiganja kwa kidole. Kipchirchir akauliza, "Anataka maji?" Nikamwambia hapana. Anauliza, bado linavuma?

Nilitoka nje nikalia kidogo kando ya mahali wanapoanika mashuka. Sasa unajua.

Halivumi tena. Nilipotoka hospitali nilipitia kwa fundi mmoja Kericho, tukazungumza, akaniuliza transfoma zangu zimelala vipi. Nikamwambia sambamba, kama watu kitandani. Akasema hapo ndipo shida, zinasikilizana, na zinasikiliza pia waya za stima ukutani. Nilirudi nikaigeuza moja ikae kwa ubavu, nikaziingiza zote kwenye kasha la chuma zito, nikaliweka mbali na amplifaya. Kimya. Kimya kabisa, Rodah. Nilikaa nikikisikiliza hicho kimya kama ni wimbo.

Nikamwita Valary tena. Sanduku nikalizungusha hadi katikati. Kuna kitu kinatokea, lakini siwezi kusema ni kizuri au ni kipya tu. Masikio yangu yamelipenda mno sanduku, hayana haki tena. Na Valary anasema kila kitu ni kizuri.

Kwa hiyo sikuombi wimbo. Naomba masikio. Daktari akikuruhusu kusafiri, njoo ukae kwenye kiti uchukie kitu ambacho kweli kinastahili kuchukiwa.

Kipkirui

*

Mogogosiek, 6 Oktoba 2024

Kwa Kipkirui,

Chamgei. Kovu limefunga, skafu nimempa Chepkorir wa jirani. Kipchirchir ameacha tai. Kamati imegundua barabara ni ya kaunti nyingine.

Sauti imerudi, kama unaweza kuiita hivyo. Iko chini, mahali pa wanaume, na ina mikwaruzo, na juu ya noti fulani inapasuka vipande viwili. Daktari anasema mshipa mmoja umelala na huenda usiamke. Nasema na ng'ombe tu kwa sasa. Hawajalalamika.

Nitakuja Jumamosi ya tarehe kumi na tisa na Valary. Nitakaa kwenye kiti. Sitaimba, sitahojiwa, na Mellen asinikumbatie mbele ya watu.

Rodah

*

Londiani, 27 Oktoba 2024

Dada,

Mellen anasema hakukukumbatia, wewe ndiwe uliyemkumbatia. Tumeacha hilo hapo.

Nimesikiliza kile tulichorekodi kila siku tangu mlipoondoka, na nataka kukiandika jinsi kilivyotokea kabla wewe hujaanza kukipotosha.

Valary aliimba mara ya kwanza bila sanduku. Ukakunja uso. Mara ya pili nikalipitisha sanduku, na nikakuona umeinua kichwa. Ukasema, kwa hiyo sauti yako ambayo nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza tangu mwaka jana, "Ongeza." Nikaongeza. "Punguza, sasa ni chura." Nikapunguza. "Hapo. Hapo anafanana na mtu aliyewahi kuamka mapema." Nimeliwekea alama ya rangi hapo kwenye kitufe.

Halafu ikafika ile sehemu ya ubeti wa mwisho, pale kiongozi anapoita na wengine wanaitikia, na Valary akaipita kama anasoma majina ya watoto darasani. Ukamsimamisha. Ukamwambia, "Unamwita nani?" Akasema, "Nafuata noti, mwalimu." Ukasema, "Noti si mtu. Huyu unayemwita hataki kuja. Mwite." Akajaribu. Ukasema hapana. Akajaribu tena, machozi yakamlenga. Hapo ukainuka kwenye kiti, ukamsogelea hadi mbele ya maiki, na kwa hasira, nakujua, ilikuwa hasira tu, ukauita ule mstari wewe mwenyewe. Ulipasuka katikati. Hukusimama. Ukauita tena, chini zaidi, na Valary akakujibu, si kwa ile sauti ya chekechea. Mkaenda hivyo hadi mwisho, yeye juu, wewe chini. Mimi nilikuwa nimeshika meza.

Uliponigeukia ukasema, "Futa hiyo." Nikasema ndiyo. Sikufuta.

Nilijaribu kukupitisha kwenye sanduku, baadaye. Mwaka mzima nililijenga kwa ajili ya sauti yako. Nikazungusha kidogo, nikazungusha tena, na kila nilipozungusha ulikuwa unapungua. Hakuna cha kuongeza. Nikachomoa waya, nikakuacha ulivyotoka. Valary amepita kwenye chuma, wewe hukupita popote.

Nimempelekea Kepher wimbo ukiwa hivyo, aupige kanisani. Kasirika.

Kipkirui

*

Mogogosiek, 1 Desemba 2024

Kwa Kipkirui, mwizi,

Nimekasirika. Nilikwambia ufute ukasema ndiyo, kwa uso ule ule uliotumia ulipovunja redio ya baba. Kama ningejua Kepher ana huo wimbo nisingetoka kitandani leo.

Tuko salama. Chai ni nyingi. Salamu zimeisha.

Leo baada ya mahubiri Kepher alisimama, akatangaza kwamba kwaya imerekodi kwa mitambo ya kisasa kutoka Londiani. Mitambo ya kisasa! Nikaona aibu kwa niaba ya kile kisanduku chako. Akaubonyeza. Valary akaanza, na nakiri watu walitulia. Kulikuwa na kitu kwenye sauti yake, mama yake Bochaberi alishika benchi la mbele kwa mikono miwili. Sanduku lako si takataka. Nimeandika hivyo mara moja, usiniombe nirudie.

Kisha nikajisikia mimi. Niliangalia sakafu. Nikasikia kanisa zima limenyamaza isipokuwa Kepher, aliyekuwa anaufuata wimbo kwa besi yake, na sikujua ni kimya cha aina gani, na sikuwa na mahali pa kutokea kwa sababu Kipchirchir na goti lake walikuwa wameziba njia.

Wimbo ulipoisha Kepher akapangusa miwani. Akasema, "Ndugu zangu, huyo mzee anayeitikia na Valary, ni wa kanisa gani? Sijawahi kusikia sauti kama hiyo hapa kwetu. Huyo tumtafute, atusaidie upande wa besi."

Valary alinitazama, nikamkazia macho anyamaze. Nilikuwa nimeshajiambia nitanyamaza, niende nyumbani, nikuandikie barua ya kukuchoma mpaka karatasi itoboke. Tangu Januari, zaidi ya Valary na Kipchirchir, hakuna mtu wa kanisa hili aliyenisikia nikisema neno.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti hiyo hiyo, yote, na mpasuko wake:

"Ni mimi, Kepher. Na besi yako ilikuwa chini ya noti wimbo mzima."

Rodah